Jinsi ya Kutathmini Hadhi ya Uhifadhi ya Samoni Mwitu, Hatua kwa Hatua

Ukisikia kwamba samoni laki tatu wamerudi mtoni msimu huu, bado hujaambiwa lolote kuhusu usalama wao. Huenda laki mbili na tisini ni wa ziwa moja tu, na vijito vya jirani vimebaki na samaki wa kuhesabika kwa vidole. Huenda nusu yao walitotoleshwa kwenye matangi. Huenda miaka sitini iliyopita walikuwa milioni mbili. Kutathmini hadhi ya uhifadhi ni kuzijibu hizo "huenda" moja baada ya nyingine. Kwa maoni yangu, makosa mabaya zaidi hufanyika kabla kikokotoo hakijaguswa, yaani pale unapochora mpaka wa kundi na pale unapoandika sifuri pasipostahili sifuri. Kwa hiyo usishangae mwongozo huu ukikawia kwenye hatua za mwanzo.

Nitafuata zaidi utaratibu wa Kanada chini ya Sera ya Samoni Mwitu ya mwaka 2005, kwa kuwa ndio ulioeleza vigezo vyake kwa uwazi. Pale inapofaa nitagusa mfumo wa Marekani na Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira.

Kwanza tujue tunazungumzia samaki gani. Samoni huanguliwa kwenye maji baridi, hushuka baharini kukua, kisha hurudi kutaga palepale alipozaliwa, akiongozwa mwishoni na harufu ya maji ya kijito chake. Pwani ya Pasifiki ya Amerika Kaskazini ina spishi tano za samoni wanaokufa baada ya kutaga: sokai (Oncorhynchus nerka), chinuki (O. tshawytscha), koho (O. kisutch), chamu (O. keta) na pinki (O. gorbuscha). Samoni wa Atlantiki (Salmo salar) anaweza kunusurika na kurudi kutaga tena. Tabia hiyo ya kurudi nyumbani ndiyo inayoleta ugumu wote: samaki wa spishi moja, katika mto mmoja, wanaweza kuwa makundi yasiyochanganya damu kwa maelfu ya miaka.

Hatua ya 1: Chora mpaka wa kundi

Usitathmini spishi, wala usitathmini mto mzima kwa sababu tu una jina moja kwenye ramani. Kanada hutumia kizio cha uhifadhi, yaani kundi la samoni mwitu lililojitenga na mengine kiasi kwamba likitoweka, haitarajiwi kwamba samaki wa kwingine watakuja kulijaza wenyewe ndani ya muda wa maana, tuseme umri wa binadamu mmoja. Vizio vya namna hiyo katika British Columbia na Yukon, magharibi mwa Kanada, ni zaidi ya 400. Marekani, kwa utekelezaji wa Sheria ya Spishi Zilizo Hatarini ya 1973, hufuata maswali mawili yaliyowekwa na mwanasayansi Robin Waples mwaka 1991: je, kundi limetengana na mengine kiuzazi kwa kiasi kikubwa? Na je, limebeba sehemu muhimu ya urithi wa mageuzi wa spishi?

Kwa vitendo, anza kwa kuorodhesha mazalia yote yanayojulikana. Mbele ya kila zalio andika mambo manne: mwezi samaki wanapoingia mtoni, wiki wanapotaga, mahali vifaranga wanapokulia, na matokeo ya vinasaba kama yapo. Kwa sokai, swali la mahali pa kukulia ni zito mno. Wengi hukaa ziwani mwaka mmoja au zaidi kabla ya kushuka, lakini wapo wanaokulia mtoni, na hao wawili hawawekwi kapu moja. Mwisho tazama mazingira: mlango wa mto, aina ya bonde, halijoto ya maji. Mazalia yanayolingana katika hayo yote yanaweza kuunganishwa. Yakipishana kwa msimu wa kurudi na kwa vinasaba, yatenganishe hata kama yako kilomita tano tu.

Pinki wana kichekesho chao. Huishi miaka miwili kamili, basi. Wanaotaga mwaka wa namba shufwa hawakutani kamwe na wa mwaka wa namba witiri, ingawa wanatumia kokoto zilezile. Hayo ni makundi mawili, na kila moja lina tathmini yake.

Kwa nini ugomvi huu wote wa mipaka? Mto Skeena, kaskazini mwa British Columbia, unajibu. Katika miaka ya 1960 yalijengwa machaneli ya kutagia, yaani mifereji ya kutengenezwa, kwenye vijito vya Ziwa Babine, na sokai wa hapo wakaongezeka sana. Ukijumlisha mto wote, namba inapendeza. Lakini watafiti waliochukua magamba ya samaki yaliyohifadhiwa tangu 1913 na kuyasoma kwa vinasaba walikuta kwamba sokai mwitu wanaorudi Skeena wamepungua kwa takriban asilimia 75 wakilinganishwa na enzi hizo. Wavuvi wa mlango wa mto hawawezi kumtenga samaki wa Babine na jirani yake mnyonge, wote hunaswa na wavu mmoja.

Mfano mwingine ni sokai wa Mto Snake. Spishi hiyo imejaa Alaska. Hata hivyo mwaka 1991 serikali ya Marekani iliwaorodhesha sokai wa Snake kuwa hatarini kutoweka, na mwaka uliofuata alirudi dume mmoja tu katika Ziwa Redfish, Idaho, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,400 kutoka baharini. Waliomwona walimpa jina la Larry Mpweke. Tathmini ya ngazi ya spishi isingemwona kabisa.

Hatua ya 2: Amua nani ni mwitu

Sera ya Kanada ni kali hapa, na inafaa iwe hivyo. Samoni huitwa mwitu kama ameishi maisha yake yote porini na wazazi wake nao walizaliwa na kukulia porini. Mtoto wa samaki wa kituo cha kutotolesha, hata akizaliwa mtoni, bado hajahesabiwa. Mjukuu ndiye anayekubalika.

Utawatenganishaje? Vituo vingi hukata pezi dogo la mafuta lililo kati ya pezi la mgongo na mkia. Vingine huweka kijiwaya chenye namba puani mwa kifaranga, au hubadilisha halijoto ya maji wakati wa kuatamia ili mawe ya sikio yajiandike mistari maalumu. Siku hizi wapo wanaochukua vinasaba vya wazazi wote kituoni, kisha samaki yeyote anayeokotwa hutafutiwa wazazi wake.

Mtego ni kwamba si samaki wote wa kituo wanaotiwa alama. Tuseme umekagua mizoga 400 mazaliani na 120 haina pezi la mafuta. Kama kituo kilikata mapezi ya nusu tu ya vifaranga wake, basi wa kituo ni takriban 240, sawa na asilimia 60, wala si asilimia 30. Piga simu kituoni uulize kiwango cha kutia alama kwa kila mwaka wa uzazi, kwa sababu hubadilika. Bila namba hiyo, safu ya "mwitu" kwenye jedwali lako ni ya kubuni.

Hatua ya 3: Fahamu namna samaki walivyohesabiwa

Mara nyingi hutahesabu wewe, utapokea namba za wengine. Bado lazima ujue zimetoka wapi, maana kila njia inadanganya kwa namna yake.

Uzio wa kuhesabia unaokatiza mto mzima ndio wa kuaminika zaidi, mpaka mafuriko yaupindue. Minara ya kuhesabia, kama ile ya Bristol Bay huko Alaska, hutumika kwenye maji maangavu: mtu hukaa juu akahesabu dakika kumi kila saa kwa kila ukingo, kisha namba hukuzwa. Kwenye maji ya matope hutumika sona, kifaa kinachotambua samaki kwa mwangwi wa sauti. Sona huona samaki, ila haitambui spishi vizuri, kwa hiyo huambatana na wavu wa kuchukulia sampuli. Helikopta huona mto mrefu kwa siku moja, na hukosa samaki waliojificha chini ya miti.

Njia ya kutia alama na kukamata tena inastahili mfano. Umewatia alama samaki 300 walipokuwa wanapanda. Wiki kadhaa baadaye umekagua mizoga 450, na 40 kati yake ina alama. Kwa kanuni ya Chapman: (300+1) × (450+1) ÷ (40+1), toa 1. Jibu ni 3,310. Kanuni hiyo huchukulia kwamba alama hazidondoki na kwamba samaki mwenye alama ana nafasi ileile ya kuokotwa kama mwenzake. Samaki akichoka kwa kushikwashikwa akafia chini ya mto, mizoga yenye alama itapungua na makisio yako yatavimba.

Njia ninayoitilia shaka kuliko zote ndiyo inayotumika kwenye vijito vingi zaidi: kutembea kijito kila wiki na kuhesabu kwa macho. Tuseme matembezi sita, yaliyoachana siku saba saba, yalitoa namba hizi: 0, 120, 400, 310, 90, 0. Ukizichora kwenye grafu kwa tarehe, eneo lililo chini ya mstari ni 7 × 920, yaani siku-samaki 6,440. Hiyo si idadi ya samaki, kwa sababu samaki mmoja huhesabiwa mara kadhaa akiwa hai kijitoni. Gawanya kwa siku anazoishi pale, kisha kwa uwezo wa mhesabuji. Ukichukua siku 12 na kwamba mhesabuji huona asilimia 70 ya samaki waliopo, unapata 767. Ukichukua siku 9, unapata 1,022. Kijito kilekile, matembezi yaleyale, na tayari umevuka mstari wa samaki 1,000 ambao kamati nyingi huutumia kutenganisha kundi dogo na lililo dogo kupindukia. Kwa hiyo ukikuta ripoti imetaja idadi bila kutaja siku za kuishi kijitoni, irudishe ilikotoka.

Hatua ya 4: Safisha jedwali kabla ya kuchora mstari

Fungua jedwali la miaka yote na utafute sifuri. Kila sifuri iulize: kuna mtu alikwenda akakuta hakuna samaki, au hakuna aliyekwenda? Nafasi tupu na sifuri ni vitu viwili tofauti kabisa, lakini programu za majedwali huzibadilisha kimyakimya, hasa faili inapopita mikononi mwa watu watatu. Sifuri tano za uongo mwishoni mwa mfululizo zinatosha kuliangamiza kundi kwenye karatasi. Nazo nafasi tupu tano zikijazwa wastani wa jirani zinaweza kulifufua lililokwisha kufa.

Kisha tia alama mwaka ambao njia ya kuhesabu ilibadilika. Kijito kilichohesabiwa kwa miguu hadi mwaka fulani, kisha kikawekewa uzio, kitaonekana kama samaki wameongezeka maradufu. Wao hawakuongezeka, aliyeongezeka ni macho. Kama kuna miaka ambayo njia zote mbili zilitumika kwa pamoja, tafuta uwiano wake na urekebishe miaka ya zamani. Kama haipo, gawa mfululizo vipande viwili na usichore mstari mmoja kupita juu ya vyote.

Hapa pia ndipo wazee wa mataifa ya asili wanaovua mto huo wanapopaswa kuketi mezani, si mwishoni kwa ajili ya picha. Rekodi nyingi za serikali huanza baada ya uvuvi wa viwanda vya makopo kuwa umeshashika kasi. Mtu anayejua kijito kipi kilikuwa na samaki wa kukaushia familia nzima, na mwaka gani kiliachwa, anakupa mwanzo wa mstari ambao faili lako halina.

Hatua ya 5: Pima mwelekeo

Sokai wa Mto Fraser wa British Columbia, na wengine wengi, hawaji kwa wingi ulio sawa kila mwaka. Wale wa Mto Adams, ulio ndani ya bonde hilo, hufika kwa kishindo kila mwaka wa nne: 2010, 2014, 2018, 2022. Ukilinganisha mwaka mnono na unaofuata, utaandika maafa kila mara. Dawa ni kulainisha kwa wastani wa kizazi kimoja, na wastani wenyewe uwe wa kijiometri.

Mfano wa kubuni, kizazi cha miaka minne. Kizazi cha kwanza: 40,000, 6,000, 900 na 1,500. Cha pili: 38,000, 5,000, 600 na 1,100. Wastani wa kawaida unashuka kutoka 12,100 hadi 11,175, upungufu usiofika asilimia 8. Mtu hatashtuka. Wastani wa kijiometri (zidisha namba zote nne, kisha tafuta kipeo cha nne) unashuka kutoka 4,243 hadi 3,346, yaani asilimia 21. Tofauti inatokea kwa sababu wastani wa kawaida humsikiliza mwaka mnono peke yake. Wa kijiometri humsikiliza na yule wa samaki 600, ambaye ndiye aliye karibu kuzimika.

Ukishalainisha, chukua logi asilia ya kila mwaka na upitishe mstari mnyoofu kwenye vizazi vitatu vya mwisho. Kizazi kikiwa miaka minne, hiyo ni miaka 12. Mwinamo wa −0.03 kwa mwaka, ukizidishwa kwa 12, ni −0.36, ambao ni upungufu wa takriban asilimia 30. Kanada hutoa hadhi kwa rangi tatu: nyekundu ni hali mbaya, njano ni katikati, kijani ni hali nzuri. Kwa vigezo vyake, upungufu unaozidi asilimia 25 katika vizazi vitatu ni eneo jekundu kwa kipimo hicho, na usiofika 15 ni kijani.

Usiishie hapo. Kundi lililoanguka kwa asilimia 90 nusu karne iliyopita, kisha likatulia chini kabisa, litaonyesha mwelekeo tulivu kabisa. Ndiyo maana kuna kipimo cha pili: gawanya wastani wa kijiometri wa kizazi cha sasa kwa wastani wa mfululizo wote. Chini ya 0.5 ni nyekundu, juu ya 0.75 ni kijani. Vipimo hivi viwili vikipingana, ripoti vyote viwili. Wanaochagua kimoja huwa wameshachagua na jibu.

Na mwaka mmoja usikutie kiwewe wala kukupa matumaini. Mwaka 2009 sokai wa Fraser walitarajiwa kupita milioni 10, wakarudi chini ya milioni 2, na serikali ya Kanada ikaunda tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Bruce Cohen. Mwaka uliofuata wakarudi karibu milioni 30.

Hatua ya 6: Weka vigezo vya wingi

Mwelekeo unakuambia wanakoelekea. Wingi unakuambia wamebakiza hatua ngapi kabla ya shimo. Ili kujua hilo unahitaji uhusiano wa wazazi na watoto: kwa kila mwaka wa uzazi, wazazi walikuwa wangapi, na watoto waliorudi au kuvuliwa walikuwa wangapi. Umri husomwa kwenye magamba, kwani watoto wa mwaka mmoja hurudi katika miaka tofauti.

Mlinganyo unaotumika sana ni wa Ricker: watoto kwa kila mzazi ni e (namba iliyo msingi wa logi asilia) iliyopandishwa kwa (a − S/K). S ni idadi ya wazazi, a ni nguvu ya uzazi wakati wazazi ni wachache, na K ni idadi ya wazazi inayotoa watoto wengi kuliko zote. Kutokana na mlinganyo huo unapata idadi ya wazazi inayotoa mavuno makubwa endelevu, ambayo kwa kifupi nitaiita idadi ya mavuno. Kigezo cha juu cha Kanada ni asilimia 80 ya idadi hiyo. Kigezo cha chini ni idadi ya wazazi ambayo, uvuvi ukisimamishwa kabisa, inaweza kuifikia idadi hiyo ya mavuno katika kizazi kimoja.

Chukua a = 1.5 na K = 10,000. Idadi ya mavuno ni takriban 5,950, kwa hiyo kigezo cha juu ni 4,760. Kigezo cha chini kinatua karibu na 1,550. Kundi lenye wazazi 3,000 liko katikati: njano.

Sasa angalia jambo linalowapita wengi. Bahari imepata joto, chakula kimepungua, na a imeshuka hadi 0.8. Ukikokotoa upya, idadi ya mavuno inashuka hadi takriban 3,575, na kigezo cha juu kinakuwa 2,860. Kundi lilelile la wazazi 3,000, ambalo sasa linazaa nusu ya lilivyokuwa likizaa, limegeuka kijani. Kigezo cha chini kwa upande wake kimepanda hadi 1,950, maana kundi dhaifu linahitaji akiba kubwa ili lijikwamue. Hesabu haina kosa lolote, tatizo ni kwamba kigezo cha juu kimejengwa juu ya uvuvi, na kundi lisilozaa vizuri halina mavuno mengi ya kutoa. Ushauri wangu: kigezo cha juu kikokotoe kwa uzazi wa muda mrefu, cha chini kwa uzazi wa karibuni, na useme wazi kwamba umefanya hivyo. Si wote watakaokubali, lakini atakayepinga atakuwa na kitu cha kupinga.

Onyesha pia upana wa makosa. Kigezo cha 1,550 chenye uwezekano wa kuwa popote kati ya 900 na 2,600 hakistahili kuandikwa kama namba moja pweke. Na kama huna takwimu za wazazi na watoto, usilazimishe Ricker. Vipimo vya mwelekeo na wingi halisi vitakutosha.

Hatua ya 7: Tazama walivyotawanyika, na jinsi walivyo

Wataalamu wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2000 kuhusu makundi ya samoni yanayoweza kudumu, waliweka mambo manne: wingi, uzazi, mtawanyiko na aina mbalimbali. Mawili ya mwisho hupuuzwa kwa kuwa hayana mlinganyo wa kuvutia.

Kwa mtawanyiko, hesabu ni mazalia mangapi kati ya yale ya zamani bado yana samaki, na ni mangapi yanayobeba nusu ya kundi. Kama nusu hiyo iko kwenye kijito kimoja, poromoko moja linatosha kuizika.

Kwa aina mbalimbali, angalia umri, ukubwa na jinsia. Chinuki wa Mto Yukon wamekuwa wakirudi wakiwa wadogo na wenye umri mdogo kuliko zamani. Jike mdogo hubeba mayai machache na huchimba kiota cha kina kifupi, kwa hiyo samaki elfu wa leo si samaki elfu wa zamani. Mwaka 2024 Alaska na Kanada zilikubaliana kusimamisha uvuvi wa chinuki hao kwa miaka saba. Ukiwa mazaliani, pima mizoga na upasue majike kuona kama mayai yametoka. Jike aliyekufa na tumbo lililojaa ni mzazi kwenye jedwali lako tu.

Hatua ya 8: Unganisha vipimo kuwa hadhi moja

Usitafute wastani wa rangi. Nyekundu na kijani hazifanyi njano. Utaratibu unaofanya kazi ni wa ngazi. Kwanza wingi halisi: kundi likiwa chini ya wazazi 1,000 au karibu na hapo, ni jekundu, hata kama mwelekeo unapanda. Kisha linganisha na vigezo vya hatua ya 6, kama vipo na vinaaminika. Visipokuwepo, tumia uwiano wa muda mrefu, halafu mwelekeo wa vizazi vitatu. Mtawanyiko na aina mbalimbali vinaweza kuishusha rangi, ila visiipandishe.

Kisha waite watu wanaoujua mto, uwape jedwali lisilo na jina la kundi, na kila mmoja atoe rangi yake kabla ya mazungumzo kuanza. Jina la mto maarufu huvuta hisia. Wakitofautiana, andika sababu za kila upande.

Ukihitaji hadhi ya IUCN, vigezo vyake hutazama upungufu katika miaka 10 au vizazi vitatu, kipi ni kirefu zaidi. Pale ambapo chanzo cha upungufu hakijakoma, asilimia 30 huingiza kundi katika ngazi ya kwanza ya hatari, 50 huliweka hatarini kutoweka, na 80 hatarini sana. Kwa wingi pekee, wakomavu chini ya 1,000, 250 na 50 ndiyo mistari yake. Desemba 2023 IUCN ilimshusha samoni wa Atlantiki kutoka wasiwasi mdogo hadi karibu na hatari, baada ya kukuta upungufu wa asilimia 23 duniani kati ya 2006 na 2020. Kwa vizio, linganisha na COSEWIC, kamati ya kisayansi ya Kanada: mwaka 2017 iligawa sokai wa Fraser makundi 24, ikasema 8 yako hatarini kutoweka na 9 hayamo hatarini. Spishi moja, bonde la mto mmoja.

Kundi lisilo na takwimu za kutosha liandike "takwimu pungufu". Kamwe usilipake kijani kwa sababu hakuna aliyelalamika. Kwa kawaida vijito visivyohesabiwa ni vidogo na vya mbali, na bajeti ikikatwa ndivyo vinavyoachwa kwanza.

Hatua ya 9: Ongeza vitisho, kisha andika

Hadhi hutokana na yaliyopita. Mwamba ulioporomoka Big Bar kwenye Mto Fraser, ukagunduliwa Juni 2019, uliziba njia ya samaki wa juu ya mto, na hakuna mwelekeo wa miaka 12 ungeweza kuuona unakuja. Kwa hiyo weka ukurasa wa vitisho: vizuizi, mabwawa, halijoto ya maji wakati wa kupanda, kiwango cha kuvuliwa, samaki waliotoroka kwenye vizimba vya ufugaji. Kwa kila kimoja sema kinagusa hatua gani ya maisha na sehemu gani ya kundi. Usiviingize kwenye rangi, viweke pembeni yake, ili msomaji ajue kipi kimepimwa na kipi kinahofiwa.

Ripoti yenyewe iwe fupi: ramani ya mpaka na sababu zake, jedwali ghafi lenye njia ya kuhesabu kwa kila mwaka, kila kipimo na rangi yake, hadhi ya mwisho, kiwango cha uhakika, na maoni ya waliopinga. Ambatisha faili la hesabu ili mwingine aweze kurudia. Tarehe ya mapitio isizidi kizazi kimoja: miaka miwili kwa pinki, minne au mitano kwa sokai. Kundi jekundu lipitiwe kila mwaka, hata kama ni kwa kuongeza mstari mmoja tu kwenye jedwali.